Mawe kwenye mfuko wa nyongo: mwongozo kamili wa kuamua kama ufanyiwe upasuaji au usubiri

Kila siku hapa Dar es Salaam kuna mtu anatoka chumba cha altrasaundi na karatasi inayosema ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mmoja alikwenda kwa sababu tumbo lilimnyima usingizi. Mwingine alikwenda kuangaliwa ujauzito au figo, mawe yakaonekana tu. Wote wawili wanafika nyumbani na habari ileile, na kabla chai haijapoa ndugu wameshagawanyika. Huyu anasema akafanyiwe haraka kabla nyongo haijapasuka, yule anasema kisu hapana, kuna mama mmoja Buza ana dawa.

Watu hao wawili hawana tatizo moja, ingawa karatasi zao zinafanana. Ndiyo maana nashikilia jambo hili tangu mwanzo: uamuzi wa upasuaji unatoka kwenye historia ya maumivu yako kuliko kwenye picha. Picha inasema mawe yapo. Haisemi kama ndiyo yanayokuuma, wala kama yatakuja kukuuma. Na ni heri uamue ukiwa na nguvu zako, una muda wa kuuliza na kutafuta fedha, kuliko kuamuliwa ukiwa kwenye machela, maji yameshazidi unga.

Kwanza kabisa: dalili ambazo hazisubiri

Ukiwa na mojawapo ya haya, acha kusoma na uende hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane ya usiku. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia ambayo yamepita muda wa saa 6 bila kuachia. Maumivu pamoja na homa, hasa homa ya kutetemeka. Macho kugeuka njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika kusikokoma.

Hizo ni dalili kwamba jiwe limeziba mahali. Kama limeziba mdomo wa mfuko, mfuko unavimba na unaweza kuoza. Likishuka kwenye mrija mkuu wa nyongo, nyongo inarudi nyuma kwenye damu, na bakteria wakiingia humo hali hubadilika kwa saa chache. Likikwama karibu na kongosho, kongosho lenyewe linavimba, na huo ni ugonjwa unaoua.

Hapo zahanati ya mtaani si mahali pake. Dripu na sindano ya malaria hupoza mambo siku moja au mbili, na siku hizo ndizo zilizokuwa na thamani. Panda bajaji au teksi uende kitengo cha dharura cha hospitali yenye madaktari wa upasuaji: Amana kwa watu wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, Temeke kwa wa Temeke, au Muhimbili. Mwenye uwezo wa hospitali binafsi kubwa aende huko, ilimradi asibaki nyumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha mawe ndiyo yanayokuuma

Hapa ndipo panapohitaji kazi kubwa, na ndipo watu wengi wanaporuka.

Maumivu ya mawe ya nyongo yana tabia zake. Huanzia chini ya chembe cha moyo au kulia chini ya mbavu. Hupanda kwa dakika chache, kisha hukaa palepale bila kuachia, tofauti na msokoto wa tumbo la kuhara unaokuja na kuondoka. Mara nyingi hukimbilia mgongoni au chini ya bega la kulia. Hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, na mgonjwa hapati mkao wa kumtuliza. Wengi huyapata usiku, au baada ya mlo wenye mafuta mengi: supu ya kongoro, chipsi mayai, pilau ya sherehe, futari iliyojaa vya kukaanga. Kisha yanaisha kabisa, na mtu anaweza kukaa wiki au miezi bila hata kuyakumbuka.

Kiungulia, kujaa gesi, kubeua na tumbo kuunguruma kila siku ni habari nyingine. Mambo hayo wanayo mamilioni ya watu wasio na jiwe hata moja. Ukiondolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya gesi, utaamka na gesi yako.

Mjini kwetu makosa hutokea pande zote mbili. Wapo watu wanaomeza omeprazo miaka na miaka kwa kuambiwa ni vidonda vya tumbo, kumbe kila shambulio lilikuwa jiwe. Na wapo wenye vidonda vya tumbo vya kweli ambao mawe yao yalionekana kwa bahati, wakafanyiwa upasuaji, na maumivu yakabaki palepale. Uholanzi walifanya utafiti kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye mawe na maumivu ya tumbo, matokeo yakachapishwa 2019. Wengi wao walifanyiwa upasuaji, lakini mwaka mmoja baadaye takriban 6 tu kati ya kila 10 walikuwa hawana maumivu. Upasuaji huu hufanya kazi nzuri sana kwa maumivu ya nyongo, na ndiyo sababu ni lazima ujue kwanza kama maumivu yako ni ya nyongo.

Kwa hiyo, kama huna dalili za hatari, chukua daftari. Andika kila shambulio: siku, saa, ulichokula, palipouma, palipokimbilia, lilidumu muda gani, ulitapika au hukutapika. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: "Jumamosi, pilau ya harusi saa tatu usiku. Limeanza saa sita na nusu, kulia chini ya mbavu mpaka bega. Nimetapika mara mbili. Limeisha karibu na adhana ya alfajiri." Mwingine hivi: "Jumanne, sijala tangu asubuhi, pamewaka kifuani, nimekunywa maziwa pakatulia." Daktari akiona mistari ya aina ya kwanza, anajua anashughulika na nyongo. Akiona ya aina ya pili tupu, ataangalia kwingine kabla ya kuzungumzia kisu. Daftari hilo lina uzito kuliko kumwambia "daktari, tumbo linanisumbua muda mrefu", kauli inayoweza kuwa ya ugonjwa wowote.

Mwulize pia vipimo vya kuondoa shaka. Kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, na kumeza kamera kama kuna dalili zake. Damu ya kuangalia kazi ya ini na kongosho, pamoja na picha kamili ya damu. Na kama umevuka miaka 40, una presha au kisukari, na maumivu yanakuja juu ya tumbo na kifuani ukipanda ngazi, pima moyo kwa ECG kabla ya yote. Mshtuko wa moyo hujificha sana nyuma ya "tumbo".

Hatua ya 2: Soma ripoti yako, usiibebe tu

Altrasaundi ndiyo kipimo bora cha mawe yaliyo ndani ya mfuko. Huyaona zaidi ya mara 9 kati ya 10, ilimradi umekaa bila kula muda wa saa 6 hadi 8, maana ukila mfuko unajikunja na haupimiki vizuri. Mawe yaliyoshuka kwenye mrija huyakosa mara nyingi. Hapo huhitajika MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ya mirija ya nyongo.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu. Mwombe daktari akufafanulie kwa Kiswahili mambo haya: mawe ni mangapi na yana milimita ngapi, unene wa ukuta wa mfuko, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3, kama kuna maji kuuzunguka mfuko, upana wa mrija mkuu, ambao kwa watu wengi hauzidi milimita 6 hivi, na kama kuna kinyama kinachoota ndani.

Ukubwa wa jiwe huwachanganya watu. Wengi wanadhani jiwe kubwa ndilo la hatari na vijiwe vidogo vitatoka vyenyewe. Kwa nyongo mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu vijiwe vya milimita 3 au 4 ndivyo vinavyoponyoka kuingia kwenye mrija na kuchokoza kongosho. Na mawe haya si ya figo. Kunywa maji lita nyingi ni jambo jema kwa mwili, lakini hayatoki kwa mkojo, kwa sababu nyongo haipiti huko.

Hatua ya 3: Jiweke kwenye kundi lako

*Una mawe, huna maumivu ya nyongo.* Ushauri wa kawaida duniani ni kuyaacha. Watu wengi, takriban 8 kati ya 10, hukaa nayo maisha yao yote bila kusumbuliwa. Hatari ya kuanza kuuma ni kama asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, na kwa kawaida huanza na maumivu ya onyo kabla ya balaa. Kisukari peke yake si sababu ya kukimbilia kisu, ingawa mwenye kisukari akianza maumivu asichelewe.

Kuna wachache ambao hata bila maumivu daktari atashauri upasuaji: mwenye jiwe linalozidi sentimita 3, mwenye kinyama cha milimita 10 au zaidi ndani ya mfuko, au ambaye ukuta wa mfuko wake umeganda chokaa. Hawa wana hatari kubwa kidogo ya saratani ya mfuko wa nyongo.

*Una mawe na umeshapata mashambulio ya kweli.* Hapa ndipo njia panda yenyewe. Aliyepata shambulio moja ana nafasi kubwa ya kupata jingine, na kila jingine lina uwezekano wa kuleta madhara. Kwa mtu mwenye mashambulio yanayojirudia, afya nzuri na hospitali ya kuaminika, naona upasuaji uliopangwa ndio chaguo bora. Lakini aliyepata shambulio moja tu, tena jepesi, hafanyi kosa akisubiri huku akijiangalia. Uingereza walichapisha mwaka 2023 utafiti wa wagonjwa 434 wa kundi hili hili. Waliopangiwa kusubiri na waliopangiwa upasuaji hawakutofautiana kwa maumivu baada ya miezi 18, na katika waliosubiri ni robo tu waliokuwa wameshafanyiwa upasuaji kufikia hapo. Kumbuka tu kwamba mgonjwa wa kule akizidiwa usiku ana gari la wagonjwa mlangoni. Anayeishi Chanika au Mbweni, mbali na hospitali kubwa, au anayesafiri mikoani mara kwa mara, ana sababu ya kuegemea zaidi upande wa kuondoa.

*Mawe yameshaleta madhara.* Mfuko ulishavimba, macho yalishakuwa njano, au kongosho lilishaguswa. Hapa sina maneno mengi: tatizo likitulia usishangilie ukarudi nyumbani moja kwa moja, uliza mfuko utaondolewa lini. Mfuko ukibaki, tatizo hujirudia, tena mara nyingi ndani ya wiki chache.

Wenye selimundu nawataja peke yao, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Chembe nyekundu zao huvunjika haraka, na mabaki yake hutengeneza mawe meusi hata kwa mtoto wa shule. Macho yao huwa na unjano wa kawaida, na maumivu ya tumbo huhesabiwa kuwa ni maumivu yaleyale ya selimundu. Mzazi akiona unjano umezidi ule aliouzoea, au maumivu yameganda kulia juu baada ya kula, aombe altrasaundi. Bila dalili, mawe huachwa na kuangaliwa. Yakiuma, huondolewa kwa mpango, na daktari wa damu awepo kwenye mpango huo, kwani mara nyingi mgonjwa huongezewa damu hadi himoglobini ifike karibu 10 kabla ya nusu kaputi.

Mjamzito naye ana ngazi yake. Mashambulio mengi hutulizwa kwa chakula na dawa hadi ajifungue. Yakijirudia sana, upasuaji unawezekana, na miezi mitatu ya kati ndiyo inayopendelewa.

Hatua ya 4: Fikiria njia zisizo za kisu, kwa ukweli wake

Ipo dawa ya vidonge inayoyeyusha mawe, asidi ya ursodioksikoliki. Inafanya kazi kwa mawe madogo ya lehemu (kolesteroli) tu, kwenye mfuko unaojikunja vizuri, kwa kumeza miezi 6 hadi 24. Karibu nusu ya waliofanikiwa hupata mawe tena ndani ya miaka 5. Mawe meusi ya selimundu hayasikii dawa hiyo. Ni chaguo la mtu ambaye kwa kweli hawezi kupewa nusu kaputi.

Kisha kuna kile kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: juisi ya tofaa siku kadhaa, kisha mafuta ya zeituni na limau usiku, asubuhi unatoa "mawe" ya kijani chooni. Watu huyapiga picha kwa furaha. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari ya mgonjwa ambaye "mawe" yake yalipopimwa maabara yalikutwa ni mabonge ya sabuni, yaliyotengenezwa tumboni na mafuta yaleyale yakichanganyika na juisi. Jiwe la kweli la nyongo ni gumu. Hayo hulainika yakipata joto. Kibaya zaidi, kikombe cha mafuta huubana mfuko kwa nguvu, na huko ndiko kusukuma vijiwe kuelekea kwenye mrija. Nawaomba sana wenye mawe wasijaribu, na wenye kuuza mchanganyiko huo kwenye chupa mkiwaona, waulizeni alipimwa nani kabla na baada.

Chakula kina nafasi yake. Kupunguza mafuta, kula milo midogo na kuacha kukaanga kila kitu kunapunguza mashambulio, ila hakuyeyushi kitu. Na usijikondeshe kwa kasi. Kupungua uzito ghafla, kwa kufunga kupita kiasi au kwa dawa za kukondesha, hutengeneza mawe mapya.

Hatua ya 5: Jua unachokwenda kufanyiwa

Wengi huuliza kwa nini wasitoe mawe tu wakaacha mfuko. Carl Langenbuch wa Berlin, aliyeuondoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mwaka 1882, alilijibu hilo mapema: mfuko ndio unaotengeneza mawe, ukiubakiza utatengeneza mengine. Na mtu huishi vizuri bila mfuko huo. Nyongo hutengenezwa na ini, karibu lita moja kwa siku. Mfuko ni ghala lake dogo lenye mililita 50 hivi. Ukiondolewa, nyongo inashuka kidogokidogo moja kwa moja kwenye utumbo.

Njia ni mbili. Ya matundu madogo, ambayo Erich Mühe aliianza Ujerumani mwaka 1985, hutumia matundu 4 kwa kawaida, kamera, na gesi ya kulinyanyua tumbo. Huchukua saa 1 hadi 2, wengi hulala usiku mmoja au huondoka siku ileile, na hurudi kwenye kazi nyepesi ndani ya wiki 1 hadi 2. Ya kufungua tumbo huacha mshono wa sentimita 10 hadi 15 chini ya mbavu za kulia, siku kadhaa za wodini na wiki 6 hadi 8 za kupona.

Chukua mama ntilie wa Mbagala Rangi Tatu anayenyanyua sufuria ya wali wa watu arobaini alfajiri na ndoo za maji mchana. Kwake tofauti ya njia hizi ni kodi ya nyumba na ada ya shule. Kwa matundu anaweza kurudi kibandani wiki ya pili akae kwenye kiti apokee fedha, huku binti akinyanyua vizito, na mwezi wa pili ashike mwiko mwenyewe. Kwa kufunguliwa, lazima apate mtu wa kumshikia biashara miezi miwili kamili, na hesabu hiyo aifanye kabla ya kupanga tarehe. Hata hivyo kufungua si upasuaji mbaya. Ukiwa mikononi mwa daktari aliyeuzoea, ni salama kuliko matundu ya mtu anayejifunzia kwako.

Hatari zenyewe utajiwe waziwazi. Kubwa ni kuukata au kuuumiza mrija mkuu wa nyongo, jambo linalowapata watu 3 hadi 5 hivi kwa kila 1,000 wanaofanyiwa kwa matundu, na kulirekebisha ni upasuaji mwingine mkubwa. Kuna nyongo kuvuja, damu kutoka, kidonda kuingia usaha, na hatari za nusu kaputi. Takriban 5 au pungufu kati ya 100 katika upasuaji uliopangwa huanza kwa matundu na kumalizia kwa kufungua. Daktari akifanya hivyo ameona hatari na amechagua usalama wako, kwa hiyo ukiamka na mshono mrefu usidhani umeharibiwa. Baadaye, kama mtu 1 kati ya 10 hupata choo laini baada ya kula mafuta. Kwa wengi hutulia.

Hatua ya 6: Chagua mahali, mtu na fedha

Muhimbili na hospitali binafsi kubwa za jijini, Aga Khan ikiwemo, hufanya upasuaji wa matundu. Jina la hospitali lisikutoshe, kaa na daktari bingwa wa upasuaji umuulize: "Daktari, kwa mwaka unaondoa mifuko ya nyongo mingapi? Ni wangapi ulilazimika kuwafungua? Kama kuna jiwe kwenye mrija, litatolewaje?" Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu jiwe la kwenye mrija hutolewa kwa kamera ya kupitia mdomoni iitwayo ERCP, na huduma hiyo haipo kila hospitali. Kama hawana, waseme watakupeleka wapi, na kwa gari la nani. Daktari anayejiamini haudhiki kwa maswali haya. Anayekukaripia, tafuta mwingine.

Mwenye bima ya NHIF aanze na rufaa ya maandishi, kisha apite dirisha la bima kabla ya kupangiwa tarehe. Aulize kama kifurushi chake kinalipia njia ya matundu na MRI, na kama kinahitaji kibali. Anayelipa taslimu aombe makadirio kwa maandishi: daktari, nusu kaputi, chumba cha upasuaji, vifaa, kitanda, dawa, vipimo vya kabla, maabara ya kuupima mfuko ulioondolewa, na nyongeza kama itabidi afunguliwe. Bei ya mdomo huwa inaacha nusu ya vitu. Asiye na uwezo kabisa, katika hospitali za umma kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Aende mapema akiwa na barua ya serikali ya mtaa, asingoje mpaka siku ya kulazwa.

Hatua ya 7: Panga wakati

Mfuko ukivimba ghafla, zamani walikuwa wakiupoza kwa dawa na kumwita mgonjwa baada ya wiki 6. Leo, penye wataalamu, kuuondoa ndani ya siku chache za kwanza, au angalau ndani ya wiki, huonekana bora, kwani wanaosubiri wengi hurudi na shambulio jingine kabla ya tarehe. Kongosho likiguswa kidogo, mfuko huondolewa kabla mgonjwa hajatoka wodini. Kama hospitali yako inakupa tarehe ya mbali baada ya tatizo la aina hiyo, uliza kwa upole kama kuna hospitali nyingine ya kukupeleka mapema.

Kwa upasuaji usio wa dharura una uhuru. Shusha kwanza sukari na presha. Acha sigara angalau wiki kadhaa. Pisha harusi, mitihani au mfungo. Miezi miwili mitatu haimdhuru mtu mwenye mashambulio mepesi, ilimradi dalili za hatari anazijua yeye na anayelala naye nyumba moja.

Na kikao cha familia kifanywe hapa, si wodini. Baba mkubwa asiyetaka kisu asizomewe. Mara nyingi ana jirani aliyefariki mezani miaka ya nyuma, na hofu yake ina haki ya kujibiwa. Mpeni nafasi aende na mgonjwa kliniki: "Shikamoo daktari, mimi ndiye mkubwa wa familia, nina maswali." Akisikia hatari zikitajwa kwa idadi, na akaambiwa pia hatari ya kutofanya, wengi huelewa. Neno la mwisho, hata hivyo, ni la mwenye tumbo. Yeye ndiye anayetia sahihi.

Ukiamua kusubiri

Kusubiri nako ni mpango. Endelea na daftari. Weka nyumbani dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Diklofenaki hufanya kazi nzuri kwa maumivu haya, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiiguse bila daktari. Jua mapema hospitali utakayokimbilia na weka akiba ya nauli ya usiku. Bila dalili, huhitaji altrasaundi kila mwezi. Fungua upya mjadala wa upasuaji kama mashambulio yamekaribiana, yamekuwa marefu, au umeanza kuogopa kula.

Ukiamua kufanyiwa

Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hasa aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, dawa za kisukari, na mitishamba pia. Mwambie kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi. Chakula huachwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe muda wa saa 2 kabla, isipokuwa hospitali imekuagiza tofauti. Baadhi ya hospitali huwaomba ndugu wachangie damu. Ulizeni mapema.

Siku za kwanza bega litauma, wakati mwingine kuliko tumbo. Ni gesi iliyobaki chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, huisha kwa siku mbili tatu. Anza na uji, ndizi, wali na samaki wa kuchemsha, kisha ongeza vyakula pole pole uone tumbo linapokea nini. Tembea tangu siku ya kwanza. Bodaboda kwenye barabara za vumbi na mashimo iache kwa wiki mbili. Macho yakigeuka njano, homa ikipanda, tumbo likivimba au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali ileile usiku huohuo, kwa kuwa nyongo inayovuja hurekebishwa kirahisi ikigunduliwa mapema.

Mawe yako huenda ukapewa kwenye kichupa. Mfuko wenyewe uombe upelekwe maabara ukapimwe, na uulize majibu yatatoka lini na yatachukuliwa dirisha gani. Mara chache sana hukutwa saratani ambayo haikuonekana kwenye picha, na ndugu wengi hawarudi kuchukua karatasi hiyo kwa sababu mgonjwa ameshapona. Andika tarehe ya majibu kwenye daftari lako lilelile, chini ya shambulio la mwisho, na mpe kazi hiyo mtu mmoja kwa jina.